Kapteni Hasikii

Jumatatu, 3 Machi

Haya. Kapteni mpya amefika.

Leo-Leo amemwingiza ofisini kwangu mwenyewe. Leo-Leo ni mkurugenzi wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu kila mzigo lazima uondoke leo, hata ule uliofika umelowa na hauna mwenyewe. Alikuwa anatabasamu kama muuza magodoro. Akasema nadhani nyie wawili mnafahamiana.

Kidogo, nikamwambia. Niliolewa naye miaka kumi na tisa.

Tabasamu likamkwama. Akalihamisha shavu la kulia, akalirudisha la kushoto, mwisho akaondoka nalo.

Kapteni kasimama, kofia kwapani. Mvi zimemkaa vizuri — lazima niseme ukweli, hata kama unaniuma. Akasema nimependeza. Kwa ile sauti yake ya kutangazia abiria. Na hapa hatuna abiria, tuna maboksi.

Kampuni ina ndege tatu. Moja inaruka, moja inapumzika, moja tunaichomoa vipuri kuwatibu wenzake. Mimi ndiye dispacha. Mama yangu huwaambia majirani kwamba mwanawe anarusha ndege. Shangazi anadhani nakata tiketi. Ukweli ni kwamba nakaa kwenye chumba chenye dirisha moja na redio mbili, napanga ndege ipite wapi, ibebe mafuta kiasi gani, mzigo ukae vipi ndani isije ikainua pua kama mtu aliyenusa kitu kibaya. Halafu nasaini. Kapteni naye anasaini. Bila sahihi zote mbili ndege haitoki.

Kwa hiyo: mtu ambaye nilihangaika mpaka mahakamani ili sahihi yangu na yake zisikae tena kwenye karatasi moja, sasa nitasaini naye kila siku. Jumapili tunapumzika.

Hongera yangu.

Jumanne, 4 Machi

Safari ya kwanza pamoja. Nimemsomea hali ya hewa. Wingu zito upande wa milima, nikamwambia, bora apite kusini.

Akasema asante, ameshakunywa.

Nikamtazama. Yeye akaitazama ramani kwa utulivu wa mtu aliyejibu vizuri. Rubani msaidizi wake akadakia: kusini, Kapteni, tupite kusini. Ndipo akasema kusini, sawasawa.

Huyo rubani msaidizi ni dada mmoja mrefu, anainama kila mlango. Tunamwita Twiga na hana shida nalo. Wametoka wote kampuni moja. Kapteni ndiye aliyemfundisha kutua.

Ameshakunywa! Yaleyale. Unaongea, mwenzio yuko kwake, anakurushia jibu lolote kama mtu anayemrushia kuku mchele. Ndoa nzima nilikuwa nasema: huyu mtu hasikii. Nilimwambia mama, nikamwambia wifi, nikamwambia hakimu. Hakimu aliandika "kutoelewana". Maneno mazuri ya kiofisi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumebeba vifaranga. Wa siku moja, maboksi kwa maboksi yenye matundu, yamepangwa mpaka karibu na dari ya ndege. Asiyewahi kusimama karibu na vifaranga wengi vile hajui kelele ni nini. Siyo kelele ya kuku. Ni sindano. Inaingia sikio hili, inatoka na akili. Wapakizi walikuwa wamejiziba masikio kwa pamba, wanaongea kwa mikono. Mimi nilikwenda kuhakiki uzito nikarudi kichwa kinagonga.

Kapteni kasimama katikati yao, kimya, kama mtu yuko maktaba. Akainama kwenye tundu la boksi moja, akachungulia. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa: "Hawa wamelala?"

Nikacheka. Nikasema ndiyo, wamelala, ukikohoa watakasirika. Akatabasamu, akapunguza sauti asiwaamshe.

Nimekuja nalo nyumbani jambo hili na silipendi. Nilidhani ni mzaha. Lakini yeye hana mzaha. Miaka kumi na tisa yote sikumbuki mzaha hata mmoja, na mimi nilikuwepo.

Jumamosi, 8 Machi

Binti amekuja kula mchana. Amefurahi mno kwamba mama na baba wako ofisi moja. Anasema sasa tutalazimika kuongea. Nikamwambia tunaongea sana: kasi ya upepo, uzito wa mzigo, mambo ya mapenzi kama hayo.

Akasema baba siku hizi hapokei simu, anaandika ujumbe tu. Ujumbe mrefu, wenye nukta na mkato. Na televisheni kwake inalia mpaka mpangaji wa chini alipanda kulalamika, kagonga mlango mpaka mkono ukachoka. Baba hakufungua. Binti anacheka. "Baba akitazama taarifa ya habari hata nyumba iungue hana habari."

Nikacheka naye. Kisha nikajikuta naosha sahani ile ile mara ya pili.

Jumatano, 12 Machi

Mwandiko samahani. Samahani kwa nani, sijui. Hakuna asomaye.

Mchana, jua kali, hewa safi, siku ambayo hata mjinga anaruka. Ndege yetu ilikuwa inajongea kwenda kuondoka. Redio yangu moja inasikiliza mnara wa kuongozea ndege — naiacha inanong'ona tu, kama watu wengine wanavyoacha taarabu. Nikasikia mnara unawaambia wetu wasimame. Wasiingie njia ya kurukia, kuna ndege inatua.

Kapteni akajibu, kwa ile sauti nzuri: "Tunaingia."

Nikainuka. Kutoka dirishani kwangu naona kila kitu. Niliona pua ya ndege yetu inaanza kusogea. Kweli inasogea! Na kule mwisho naona taa za nyingine, ndege ya abiria, imeshateremsha magurudumu. Mnara ukapiga kelele. Halafu sauti ya Twiga, juu ya sauti zote: tunasimama, tunasimama, tumesimama!

Pua ikainama. Breki. Ile nyingine ikapita mbele yao, ikagusa ardhi, ikaenda zake. Humo ndani kulikuwa na watu wanaokunja vimeza vyao na kuvaa viatu. Hawatajua kamwe.

Mimi nilikuwa nimekumbatia kabati la mafaili. Sikumbuki nilifikaje hapo.

Leo-Leo alipita saa kumi na moja. Mnara umelalamika, akasema, lakini yeye ameshalimaliza: amewaambia mawimbi yalikatika. Mawimbi maskini. Hayana wa kuyatetea.

Alhamisi, 13 Machi

Nimembana Twiga chooni. Siyo mahali pa heshima lakini ndiyo mahali pekee Leo-Leo haingii kuuliza kama mzigo umeondoka.

Nilimuuliza moja kwa moja: anasikia au hasikii?

Akafungua bomba maji yatiririke, kama majasusi. Akasema, "Mama, mimi huwa namrudia tu." Mnara ukisema, yeye anarudia taratibu, kana kwamba anajithibitishia mwenyewe, na Kapteni anamtazama mdomo. Kumi kwa kumi, akasema. Jana yeye, Twiga, alikuwa ameinama kuokota kalamu. Kalamu tu! Akainuka, ndege inakwenda.

Kwa nini hukusema? nikamuuliza.

Akafunga bomba. Akasema kuna siku ya upepo mbaya, yeye bado mwanafunzi, karibu awaue wote wawili, na Kapteni hakumwandikia ripoti. Alimnunulia soda, akamwambia kesho tutarudia. "Mtu kama huyo nimpeleke wapi, mama?"

Nikampa karatasi ya kufutia mikono.

Halafu akaongeza — na Jumanne ni siku yake ya mwisho, amepata kazi kampuni kubwa, anahama. Alikuwa hajui amwambie nani. Akanitazama kutoka kule juu. "Nilijua wewe unajua. Si ulikuwa mke wake."

Naam. Nilikuwa. Miaka yote ile nikisimama jikoni nikipiga kelele kwamba mume wangu hasikii. Kumbe nilikuwa natoa cheti cha daktari. Bure kabisa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya jaribio. Siyo la kisayansi sana.

Alikuja kujaza karatasi zake, akakaa kwenye meza ya dirishani, mgongo kwangu. Nikasema kwa sauti ya kawaida: Kapteni, kiti chako kinawaka moto. Anaandika. Nikasema: Leo-Leo ametangaza likizo ya wiki mbili kwa wote. Hata kabati lilitaka kugeuka kwa habari hiyo. Yeye anaandika. Nikasema: hapo kisogoni unaota upara, ndege ndogo inaweza kutua. Anaandika, analamba kidole, anafungua ukurasa.

Nikasema jambo lingine. Jambo ambalo sikuwahi kumwambia kwa kuwa siku zote alikuwa ananitazama. Silirudii hapa.

Akageuka. Roho ikaruka.

Alitaka kalamu nyingine. Yake imekwisha wino.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwake. Ghorofa ya pili, ngazi zinatetemeka kwa taarifa ya habari. Nimepiga kengele. Nimegonga. Nimegonga kwa kiatu. Mwisho nikasimama pale mlangoni nikamwandikia ujumbe: niko mlangoni kwako. Mlango ukafunguka papo hapo. Ana shati limepigwa pasi, Jumapili, peke yake ndani. Ndivyo alivyo.

Kochi moja, kiti kimoja, televisheni ina maandishi chini. Akanipa chai na biskuti. Nikaanza kumwambia niliyojia, na katikati nikainua kikombe nikanywa huku naongea.

"Ondoa kikombe," akasema.

Nikakishusha. Tukatazamana. Basi. Hakukuwa na haja ya kuendelea, kila kitu kilikuwa pale mezani karibu na biskuti.

Alizima televisheni. Ukimya wake ulikuwa wa ajabu, nikasikia friji ya jirani.

Nikamuuliza tangu lini. Kelele za injini, akasema, kidogo kidogo. Sikio la kushoto ndilo lililotangulia, zamani, bado tunaishi pamoja. Akazungusha kikombe kwenye kisahani.

"Nilidhani wewe ndiye umeanza kunong'ona."

Mimi! Kunong'ona! Majirani wa nyumba ile wanajua mpaka leo nilikuwa na maoni gani kuhusu kila kitu!

Kisha nikakumbuka nilikuwa nalala kushoto kwake.

Sikujua niiweke wapi habari hiyo. Nikala biskuti. Ilikuwa imelainika.

Nikamwambia Twiga anaondoka. Hakushtuka, ameshamwambia. Atapewa mwingine, akasema. Nikamuuliza huyo mwingine atajuaje kwamba ameajiriwa kuwa masikio? Akasema nimwachie. Bado mwaka mmoja na kidogo anastaafu kwa heshima. Nimfichie tu. Nimekaa naye miaka yote ile, nishindwe kukaa kimya mwaka mmoja?

Nikamwambia Jumatano kulikuwa na watu kwenye ile ndege nyingine.

"Najua," akasema. "Silali."

Kisha akakasirika — nadhani kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Akaniuliza nani amenituma. Akasema nalipiza kisasi. Nikamwambia nikitaka kulipiza nitaanza na mambo makubwa zaidi, kwa mfano dada yake. Hakucheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa wote wawili.

Nikamwambia ajipeleke mwenyewe kwa daktari wa marubani, kabla ya Jumatano. Akaniambia, "Sikukusikia."

Alinisikia. Niliongea polepole, na kikombe kilikuwa chini.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi amepiga simu asubuhi. Kapteni ameshawaandikia, yeye na Binti. Tangu talaka alikuwa ananiita "yule mwanamke". Leo nimekuwa wifi yake wa damu. Hakuna kitu kama wifi wa damu lakini sikumkatiza.

Nisimharibie ndugu yake, akasema. Mtu ameruka maisha yake yote, leo aambiwe ashuke? Mwanamume bila ndege ni nini?

Mtu wa miguu, nikamwambia. Kama sisi.

Akalia. Sikutegemea alie. Nikabaki nimeshika simu, naangalia sufuria inachemka, na mtu ambaye hajawahi kunisalimu kwa hiari analia sikioni mwangu. Nikamwambia pole, wifi. Ikatoka vibaya, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine.

Mchana, Binti. Huyo hakulia. Akasema, "Mama, nakuomba." Nikamweleza juu ya pua ya ndege ilivyosogea. Nikadhani ameelewa.

Akasema, "Ulishamwacha mara moja. Sasa unataka nini tena?" Akakata.

Hii siandiki zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Tumemuaga Twiga kwa keki. Leo-Leo katoa hotuba, akasema ndege zitamkumbuka. Mlango wa jikoni utamkumbuka, kwa kweli, kila siku alikuwa anaugonga kwa kichwa.

Wakati wa kuondoka akamkumbatia Kapteni kwa muda. Akasema kitu karibu na sikio lake. La kushoto. Kisha akajishika mdomo, akahamia la kulia.

Jumatano, 19 Machi

Nimekataa kusaini.

Niandike kwa mpangilio maana kichwa kimevurugika. Mzigo wa leo: maua. Rubani msaidizi mpya amekuja, kijana wa watu amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, kila nikimwambia kitu anasema poa. Wingu? Poa. Mafuta? Poa. Nikamuuliza kama ana swali lolote kuhusu Kapteni. Akasema Kapteni ni lejendi. Nikamwambia hilo siyo swali.

Karatasi ikaja. Kapteni akasaini. Ana sahihi ya kifahari, ina mkia. Akaisukuma upande wangu, na macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa kwenye mdomo wangu.

Nikaweka kalamu chini. Nikasema hii haitoki.

Leo-Leo akatokea kutoka sakafuni, nadhani anaishi huko. Kwa nini haitoki? Nikasema hali ya hewa. Akaenda dirishani. Jua, mbingu ya bluu, hata kiwingu cha kudanganyia hakuna. Akageuka. Hewa gani?

Ya humu ndani, nikasema.

Basi akalipuka. Maua yananyauka! Akanipeleka mpaka mlangoni anionyeshe yale maboksi, kana kwamba ni yatima. Akaniambia mambo ya talaka niyaache nyumbani. Akaniambia kuna madispacha wengi mjini wanatafuta kazi. Wapakizi wamesimama wanasikiliza, yule mpya amevua miwani ya jua. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, maneno mawili, na ingemaliza kila kitu. Mdomo nikaufungua.

Kapteni alikuwa ananisoma. Alijua linakuja. Nimewahi kumwona kwenye dhoruba, nimewahi kumwona mbele ya hakimu, sikuwahi kuona uso ule.

Akasema, "Mimi sijisikii vizuri leo."

Akachukua karatasi, akaikata sahihi yake kwa mstari mmoja, pamoja na ule mkia. Akasema dispacha yuko sahihi, ni yeye mwenyewe hajisikii vizuri, alikuwa anajikaza tu.

Leo-Leo akabaki anapumua. Kwa sababu hata yeye anajua: kapteni akishatamka mbele ya watu kwamba anaumwa, imeandikwa, haruki tena mpaka daktari wa marubani amwidhinishe. Maua yakarudishwa kwenye baridi. Leo-Leo akayasindikiza.

Tulibaki wawili. Nikamwambia asante. Alikuwa ameshageuka kuvaa kofia, kwa hiyo sijui.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna aliyenisalimia ofisini isipokuwa mlinzi, na yeye ni kwa sababu mimi ndiye nampa magazeti.

Jioni ujumbe umeingia. Una nukta na mkato kama kawaida: "Ni kesho, saa nne. Daktari yule wa zamani amestaafu. Huyu mpya ana mashine. Naomba unisindikize, kama hutojali."

Yule wa zamani alikuwa anampima masikio kwa kumwuliza usoni: unanisikia, Kapteni? Na Kapteni anamsoma midomo: nakusikia, daktari. Muhuri. Miaka yote hiyo! Nchi nzima ikalala salama.

Kama hutojali. Nimeangalia neno hilo mpaka simu ikazimika. Nikamwandikia: nitakuja.

Kisha nikamwandikia Binti kwamba nampeleka baba yake kwa daktari. Amesoma. Hajajibu.

Ijumaa, 21 Machi

Naandikia kwenye benchi, kliniki. Sijawahi kukitoa kidaftari hiki nje ya nyumba, lakini nikikaa mikono mitupu nitatafuna kucha.

Amekuja na sare. Sare kamili, mistari minne begani, kuja kupimwa masikio. Nikamwambia wangeweza kumtambua hata bila hiyo. Akasema ndivyo anavyovaa akienda kazini. Korido nzima alitembea upande wangu wa kushoto, sikio zuri likiwa kwangu. Hakusema kwa nini. Tulikuwa tunaongea habari za mvua. Nadhani ni mazungumzo marefu kuliko yote tuliyofanya tangu Binti azaliwe, na hayakuwa na maana hata moja.

Mpimaji ni dada mwenye sauti ndogo. Kamwelekeza kwa ishara, alipoona hapati jibu. Kapteni ataingia kwenye kile kibanda cha kioo, atavaa hedifoni, akisikia mlio ainue mkono. Ndiyo hivyo tu. Mtoto wa chekechea anaweza.

Kabla ya kuingia akaangalia chumba chote, polepole, kama anavyokagua ndege kabla ya safari. Akaniambia nikae hapa. Siyo pale mlangoni — hapa, benchi hili. "Nikuone," akasema.

Nikaona ni vizuri. Nikaona, kumbe huyu mtu anaogopa, anataka sura ya mtu anayemjua. Nikakaa.

Sasa ameketi ndani ya kioo, kofia magotini. Dada yuko mbele yangu kidogo, kanipa mgongo, ameinamia mashine. Mashine ina kitaa kidogo cha kijani. Dada akibonyeza, kinawaka, kinazima. Kikiwaka, mlio umekwenda masikioni mwake. Yeye kutoka kule hakioni, kimegeuziwa huku.

Huku kwangu.

Ah.

Kapteni, Kapteni.

Kimewaka. Mkono uko gotini. Kimewaka. Mkono uko gotini. Ananitazama mimi. Hamtazami dada, hatazami ukuta, ananitazama mimi usoni, kama Jumatano, kama anasoma. Hajaniomba kitu. Hata kidogo hajaniomba. Ananitazama tu, na anajua nimeshaelewa, maana nilibadilika uso na yeye uso wangu anaujua.

Kupepesa macho tu. Kikiwaka, kope moja, naye anainua mkono. Dada hataona. Hakuna atakayejua, wala sihitaji kusaini popote.

Mkono umepanda! Kitaa hakijawaka. Amebahatisha. Dada ameandika kitu.

Nimeinamisha kichwa. Naandika. Nikiacha kuandika nitainua macho, na nikiinua macho nitapepesa, najijua. Kwa hiyo naandika. Viti hapa ni vya bluu, kimoja kimefungwa kamba mguu. Ukutani kuna picha ya sikio kubwa limekatwa katikati, ndani limejikunja kama konokono. Kuna mtu anakohoa korido. Kwa pembe ya jicho naona kijani, kimewaka, kimezima, sare haijatikisika. Naandika. Feni inazunguka. Simu yangu imetetemeka, ni Binti, siisomi sasa. Kimewaka. Bado ananitazama, sihitaji kuinua kichwa kujua. Naandika feni inazunguka. Naandika kimewaka tena, na naandika